Jiwe la Tabaka, brasi ya Kibera, fedha ya Lamu: safari ya karakana tatu

Safari hii imeandikwa baada ya kurudi nyumbani, kutoka kwenye daftari lenye madoa ya nta na picha za simu. Bei zote ni tulizolipa sisi, kwa shilingi za Kenya. Nia ilikuwa kufuata kazi tatu za mikono hadi pale watu wanapozifanya kila siku ili wapate riziki: uchongaji wa jiwe la sabuni huko Tabaka karibu na Kisii, umiminaji wa brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) Kibera, Nairobi, na usonara wa fedha Lamu.

Atakayefuata njia hii asijitwishe zana. Abebe msasa wake, miwani ya kukinga macho, barakoa ya vumbi yenye chujio, glavu za ngozi na rula ya chuma yenye milimita. Nguo ziwe za pamba, maana nailoni ikirukiwa na cheche huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Vingine vyote vipo karakana.

Jumapili: Nairobi hadi Kisii

Matatu ilikaa kituoni karibu saa nzima ikisubiri abiria wawili wa mwisho, ikaondoka saa moja na nusu asubuhi. Nauli 1,300 kwa kila mtu. Njia ni Mai Mahiu, Narok, Bomet na Sotik, karibu kilomita 300. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu lori lilikuwa limeharibika konani, tukapoteza dakika 40. Narok tukanywa chai. Kisii tulifika saa tisa alasiri. Chakula cha jioni kilikuwa ugali, rinagu na chinsaga, mboga zenye uchungu kidogo zilizotulizwa kwa maziwa.

Jumatatu: Tabaka, machimboni

Kutoka Kisii mjini kuna matatu za Tabaka, nazo huondoka zikijaa. Siku ya mvua panda mapema, kwa sababu vipande vya mwisho vya njia vinateleza na kuingia machimboni baada ya mvua kubwa ni hatari: kuta za udongo juu ya jiwe huporomoka bila kutoa dalili. Mzee aliyetupokea alitazama ukuta kabla ya kututazama sisi, akatuonyesha mahali pa kusimama, na mahali ambapo hata yeye hapiti.

Jiwe hutolewa kwa sururu, mtaimbo na jembe. Udongo huondolewa kwanza hadi tabaka la jiwe lionekane, kisha mtaimbo huingizwa kwenye ufa uliopo tayari na bonge likabanduliwa. Hakuna baruti, mlipuko hutia nyufa ndogondogo zisizoonekana, na kinyago kilichochongwa katika jiwe la namna hiyo hupasuka siku ya kusuguliwa, kazi yote ikiwa imekwisha. Rangi zipo nyeupe, maziwa, waridi, nyekundu ya udongo, kijivu na nyeusi, na mara nyingi mbili au tatu hukutana katika bonge moja.

Kuchagua bonge ndiko kulikotuchukua asubuhi nzima, na hapo ndipo mgeni anapaswa kukaa zaidi kuliko popote. Vipimo ni vitatu. Kwanza, ligonge kwa mpini wa kisu: jiwe zima hulia wazi, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Pili, limwagie maji kisha ulitazame likikauka. Uso mzima utapauka, ila ufa utabaki na mstari mweusi kwa sababu maji yameingia ndani na hayana haraka ya kutoka. Tatu, kwaruza kwa ncha ya kisu sehemu tano au sita tofauti. Ukikuta mstari wa rangi ya kutu ambao kisu kinauruka, ujue hapo pana ugumu tofauti na penginepo. Usiweke jicho, mdomo wala shingo ya mnyama juu ya mstari huo, kwa kuwa kisu kitateleza na kuingia mahali laini.

Jiwe likitoka ardhini lina unyevu na hukatika kwa urahisi zaidi kuliko lililokaa juani kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu mafundi huyafunika mabonge kwa magunia mabichi. Ukinunua la kwenda nalo, liache kivulini. Jua kali hukausha uso kabla ya moyo, na kona hubanduka.

Tulikubaliana 1,500 kwa mtu kwa siku, bonge moja likiwemo. Bonge la sentimita 20 kwa 10 kwa 10 lina uzito wa kilo tano na zaidi, kwa hiyo fikiria mgongo wako kabla hujaomba kubwa. Bei ya mafunzo itajwe waziwazi kabla ya kuanza, na isichanganywe na bei ya vinyago utakavyonunua.

Tabaka si mahali pa vitu vidogo vya mapambo peke yake. Elkana Ong'esa, mchongaji wa hapa, kazi yake ya jiwe iko katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Mafundi wanalitaja jambo hilo kwa fahari, na wanafanya vyema kulitaja, kwa sababu wageni wengi hufika wakidhani wanakuja kununua vibakuli tu.

Jumanne: Tabaka, kuchonga na kusugua

Mchoro huwekwa kwa mkaa pande zote nne za bonge, wala hauwekwi upande wa mbele tu. Anayechora upande mmoja hupata sanamu bapa iliyoinuliwa kidogo. Baada ya mchoro, msumeno wa zamani wa mbao hukata mikato ya kusimamisha: mistari sambamba, kila sentimita moja na nusu, hadi milimita tatu kabla ya kufikia umbo. Vipande vilivyobaki katikati ya mikato huangushwa kwa panga fupi. Mikato ile ndiyo breki ya panga. Bila hiyo, pigo moja zito hupeleka ufa hadi ndani ya umbo.

Baada ya panga ni kisu, na kisu hapa hushikwa kwa namna ya kipekee. Kidole gumba cha mkono ulioshika jiwe ndicho kinachosukuma mgongo wa kisu, mkono wa kisu ukielekeza tu. Ubapa hauendi zaidi ya sentimita moja kwa msukumo. Ukiona mtu anavuta kisu kwa bega, subiri kidogo utaona amekatwa. Kisha tupa ya mbao, ikisafishwa mara kwa mara kwa brashi ya waya kwa sababu unga wa jiwe huziba meno.

Panapovunjika ni palepale siku zote: shingo ya twiga, mdomo wa ndege, mkono ulioachana na mwili. Mafundi huacha daraja la jiwe kati ya mkono na mwili hadi hatua ya mwisho, na hulitoa kwa tupa nyembamba baada ya kusugua, si kabla. Sehemu yoyote nyembamba kuliko kidole kidogo katika sanamu ya kimo cha sentimita 20 ni ya kuombea. Ikivunjika, gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa jiwe lilelile huficha kiungo, lakini fundi mwaminifu humwambia mnunuzi.

Kusugua hufanywa na akina mama, wameketi kuzunguka mabeseni ya maji, na ustadi huu hupewa heshima ndogo kuliko unavyostahili. Mama mmoja alitupatia beseni lake na kigoda, akahamia jirani. Msasa wa maji huanza namba 80, ukafuata 150, 220, 400, na 600 kwa vitu vinavyotakiwa kung'aa. Usiruke hata namba moja. Mikwaruzo ya 80 haionekani jiwe likiwa limelowa. Huibuka baada ya nta, na hapo hakuna dawa ila kurudi mwanzo. Mama yule hufumba macho na kupitisha ncha za vidole juu ya jiwe lililolowa, akikuta kakwaruzo anaweka alama ya kucha. Vidole vyake vilipata mistari mitatu mahali ambapo sisi tuliona uso laini kabisa.

Maji yana kazi nyingine: hulaza vumbi. Kukata na kupiga tupa ni kazi kavu, na unga ule mweupe unaoelea si wa kuvuta kifuani mwaka hadi mwaka. Vaa barakoa, kaa upande ambao upepo unatokea, na usifagie karakana kavu. Nyunyiza maji kwanza.

Sanamu iliyosuguliwa hukaa kivulini siku nzima. Nta ikipakwa juu ya jiwe lenye unyevu hufungia maji ndani, na baada ya siku chache wingu jeupe hujitokeza chini ya mng'ao. Likikauka, liweke juani hadi liwe la uvuguvugu, paka nta nyembamba, ngoja dakika kumi, kisha sugua kwa kitambaa cha pamba. Bakuli la chakula lisipakwe nta ya sakafu wala rangi. Mafuta ya kula yanatosha.

*Kwa atakayekuja baadaye:* funga sanamu kwa majani makavu ya mgomba, kisha gazeti, kisha nguo. Jaza kwanza nafasi zilizo kati ya shingo na mwili, kwa kuwa mtikisiko wa matatu huvunja kile kinachoning'inia.

Jumatano

Kisii hadi Nairobi, njia ileile, bila tukio. Kondakta alikataa kuweka mfuko wa mawe juu ya gari, akauweka chini ya kiti chake mwenyewe, hakudai shilingi ya ziada.

Alhamisi: Kibera, chakavu na mchanga

Matatu namba 8 hutufikisha Kibera, na karakana za brasi na mifupa husikika kabla hazijaonekana. Malighafi ni bomba kuukuu: koki za maji, kufuli, vali, viungo vya mabomba. Fundi hununua kwa wafanyabiashara wenye leseni na huomba risiti. Mwanzoni mwa 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa miundombinu, na tangu hapo karakana yenye busara huweka karatasi zake sawa.

Kuchambua chakavu ni kazi ya saa mbili kwa kilo kumi. Sumaku hupitishwa juu ya kila kipande: kinachonaswa kina chuma ndani, mara nyingi parafujo au springi. Mpira, plastiki na kauri za koki hutolewa kwa nyundo na bisibisi. Koki iliyong'arishwa kwa kromu hukwanguliwa kwanza, kwa kuwa ngozi ile ya kromu huelea juu ya brasi iliyoyeyuka kama uji ulioganda na kuziba mdomo wa kumiminia. Alumini nayo itolewe yote; kiasi kidogo tu hufanya brasi iwe na utando na isijaze pembe nyembamba.

Jambo moja lisemwe wazi. Brasi ya koki za zamani mara nyingi ina risasi, iliyotiwa kiwandani ili ikatike vizuri kwenye mashine. Kwa bangili na shanga hilo linavumilika, ila haifai kwa kijiko, kikombe wala kitu cha mtoto mchanga atakayekitia mdomoni. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, na vumbi la tupa lisikae karibu na chakula. Karakana tuliyokaa watu hula nje, upande wa pili wa njia: chapati na maharagwe, sahani 100.

Alasiri ni ya mchanga. Fremu mbili za mbao zinazoshikana kwa vijiti, ili zikifunguliwa na kufungwa zirudi palepale. Mchanga ni laini, wenye udongo kidogo, uliochujwa kwa kichujio cha unga na kutiwa maji kwa kunyunyiza. Kipimo: fumbata konzi moja, fungua mkono. Donge likisimama na kuonyesha mistari ya vidole, kisha likikatwa katikati lisimomonyoke, mchanga uko tayari. Likishika na kulowesha kiganja, maji yamezidi, na maji yaliyozidi kwenye brasi ya nyuzijoto 900 na zaidi hugeuka mvuke ghafla na kurusha chuma usoni. Kule Tabaka maji yalikuwa rafiki wa kila hatua. Hapa ndoo ya maji huwekwa mbali kabisa na mdomo wa tanuri.

Fremu ya chini hujazwa, ikashindiliwa, na umbo la mfano, tuseme herini ya jani iliyochongwa kwa mbao, hukandamizwa hadi nusu yake. Mfano hufanywa mkubwa kidogo kuliko kitu kinachotakiwa, kwa kuwa brasi husinyaa kwa karibu asilimia moja na nusu hadi mbili inapopoa. Unga wa mkaa hupukutwa juu kutoka kwenye kifuko cha kitambaa ili nusu mbili zisigandamane. Fremu ya juu huwekwa, hujazwa, hushindiliwa, hufunguliwa, na mfano hutolewa baada ya kugongwa taratibu pande zote. Mfereji wa kumiminia huchongwa kwa kijiko, upana wa kidole mdomoni, ukipungua hadi milimita nne unapoingia kwenye umbo. Matundu ya kutoa hewa hutobolewa kwa spoki ya baiskeli, moja kila ncha ya jani.

Ijumaa: Kibera, moto

Tanuri ni pipa dogo lililokandikwa udongo ndani, mkaa, na feni ya umeme inayopuliza kupitia bomba la chuma. Umeme ulikatika saa tatu, ukarudi saa tano. Fundi alitumia muda huo kupasha moto chungu cha kuyeyushia kikiwa kitupu, kidogokidogo, ili unyevu utoke. Chungu kibichi kikipigwa na moto mkali hupasuka.

Kilo moja na nusu ya brasi iliyeyuka kwa dakika 35 hivi. Vipande vinavyoongezwa baadaye huwekwa kwanza kwenye ukingo wa tanuri vipate joto na vikauke, kisha hushushwa kwa koleo. Kipande chenye tone la maji hakiingii. Boraksi kidogo, chumvi nyeupe ya madini, hutupwa juu kufunika uso. Zinki iliyomo ndani ya brasi huchemka kwenye nyuzijoto 907, kwa hiyo fundi akichelewa, zinki hutoroka kama moshi mweupe na moto wa kijani, na brasi inayobaki huwa nyekundu na nzito kumiminika. Moshi huo ukivutwa huleta homa ya jioni ileile: baridi, maumivu ya viungo, ladha ya chuma mdomoni. Watu husema maziwa yanaponya. Kinga ya kweli ni paa lililo wazi, kusimama upande wa upepo na kutozidisha moto.

Kumimina ni mkondo mmoja usiokatika. Kwa wanafunzi, fundi hushika koleo yeye mwenyewe mara ya kwanza, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Baada ya dakika kumi fremu hufunguliwa.

Makosa yanasomeka kwenye chuma chenyewe. Matundu madogo kama sindano: mchanga ulikuwa na maji mno au ulishindiliwa hadi hewa ikakosa njia. Ncha ya jani haikujaa: brasi ilikuwa imeanza kupoa, au tundu la hewa liliziba. Mstari wa mshono katikati ya kitu: mikondo miwili ilikutana ikiwa baridi, nacho kitavunjika hapo ukikipinda. Utando mwembamba ukingoni: fremu hazikubanwa. Shimo kubwa karibu na mfereji: mfereji ulipoa kabla ya kitu chenyewe, kwa hiyo wakati mwingine uwe mnene zaidi ili ubaki na chuma cha kulisha umbo linaposinyaa.

Mfereji hukatwa kwa msumeno wa chuma, kitu kikashikwa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, kikapigwa tupa, kisha msasa, kisha gurudumu la kitambaa lenye dawa ya kung'arisha. Hapa watu huwa na pupa. Brasi hii ya kumimina haipendi kupigwa nyundo ikiwa baridi. Anayetaka bangili ya kufuliwa atumie bamba la kununua, alipashe hadi wekundu hafifu, aliache lipoe, alifue, na arudie kila linapoanza kuwa gumu chini ya nyundo. Ndoano za herini zisitengenezwe kwa brasi ya koki. Fedha au chuma cha pua salama kwa ngozi ndicho kinachofaa sikioni.

Weusi wa moto huondolewa kwa ndimu na chumvi, dakika 20 katika maji ya moto. Koleo la chuma lisiingizwe ndani ya maji hayo, la sivyo brasi hutoka na ngozi nyekundu ya shaba. Tumia kijiti.

Karakana hiyohiyo hufanya mifupa ya ng'ombe. Huchemshwa, husafishwa mafuta, na hung'arishwa kwa haidrojeni peroksaidi. Dawa ya klorini ya kufulia hula utomvu wa mfupa na kuuacha kama chaki. Michoro myeusi hutokana na nta: nta huchorwa kwenye mfupa, mfupa hutiwa rangi, nta huondolewa, na palipofunikwa hubaki peupe. Ukisafiri na mfupa nje ya nchi, jua kwamba pembe za ndovu ni haramu kabisa na askari wa forodha wana haki ya kuuliza. Mfupa huonyesha vitone vidogo vyeusi kwenye mkato, wakati pembe ya ndovu ina mistari inayopishana. Risiti ya karakana husaidia.

Jumamosi: treni hadi Mombasa

Treni ya asubuhi huondoka saa mbili na kufika saa nane mchana. Daraja la kawaida 1,500, tiketi kwa simu kupitia *639#. Fika kituoni saa nzima kabla. Mizigo hupita kwenye mashine na kunusiwa na mbwa, na visu, patasi, misumeno na mitungi ya gesi haviruhusiwi. Tuma zana kwa gari la vifurushi siku moja kabla, au uziache. Sanamu za jiwe zilipita baada ya kufunguliwa na kufungwa tena, na askari aliyezikagua alizifunga vizuri kuliko tulivyofanya sisi.

Jumapili: Changamwe

Nusu siku kwa wachongaji wa Kikamba wa ushirika wa Changamwe, ulioanzishwa 1963. Somo kuu hapa ni mti. Muhugu na mpingo vimekuwa adimu, na kazi nyingi sasa hufanywa kwa mwarobaini, mwembe na jakaranda. Mwembe huvutia wadudu na hupasuka ukikaushwa haraka. Ncha za gogo hupakwa nta au rangi mara baada ya kukatwa, kwa sababu unyevu hutokea huko kwa kasi zaidi. Tezo huenda na nyuzi za mti, kamwe si dhidi yake. Panastahili siku nzima, sisi hatukuwa nayo.

Jumatatu: Mombasa hadi Lamu

Basi la alfajiri, 1,500, kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Beba kitambulisho mkononi. Ukaguzi wa usalama ni mara kadhaa na kila mara abiria hushuka. Fanya safari mchana. Kutoka Mokowe boti ya abiria ilikuwa 150. Kijana aliyebeba mzigo wetu kutoka gatini alituongoza vichochoroni hadi mlangoni pa sonara, akamsalimu, akaondoka kabla hatujatoa pesa.

Jumanne: Lamu, bamba na lehemu

Mahamri na mbaazi asubuhi, kisha kazi hadi adhuhuri, mapumziko, na tena baada ya alasiri. Ada 3,000 kwa siku. Fedha hupimwa kwa gramu na kulipwa mbali.

Sonara alifunga dirisha kabla ya kuwasha moto. Sababu ni mbili: upepo wa bahari huyumbisha ndimi za moto, na wekundu hafifu wa fedha hauonekani kwenye mwanga wa jua. "Wageni wangu, hapa macho ndiyo kipimajoto," alisema. Fedha ya kazi ni 925: sehemu 92.5 fedha safi na 7.5 shaba. Ukiwa na gramu 100 za fedha safi, ongeza gramu 8.1 za shaba. Fedha safi peke yake huyeyuka kwenye nyuzijoto 962 na ni laini mno kwa pete ya kila siku.

Pete ya Lamu tuliyoifanya ni ile yenye kigae cha kaure ya zamani badala ya kito. Vigae hivi huokotwa ufukoni. Magofu ya Takwa, Pate na Manda yasiguswe. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inayalinda, na sonara mwenye heshima hakubali kigae kilichochimbwa huko.

Urefu wa ukanda wa pete hupatikana hivi: kipenyo cha ndani ongeza unene wa bamba, zidisha kwa 3.14. Kidole cha milimita 17 na bamba la 1.5 hutoa milimita 58. Wengi husahau kuongeza unene, na pete hutoka ndogo.

Ncha za ukanda hupigwa tupa hadi zikutane bila mwanga kupita kati yake. Lehemu haijazi pengo. Hupita tu mahali ambapo chuma kimegusana na chuma. Boraksi hupakwa, kipande cha lehemu cha milimita moja huwekwa juu ya kiungo, na moto huzunguka pete nzima kwanza, mbali na kiungo. Lehemu hukimbilia penye joto zaidi. Ukiilenga peke yake itajikunja kuwa kidonge na kukaa juu bila kuingia.

Jumatano: Lamu, kuweka kigae

Kigae husagwa kwenye jiwe la kunolea lenye maji hadi kiwe duara refu, kingo zikiinama ndani kidogo. Ukanda wa fedha safi wa unene wa milimita 0.3 na kimo cha 3 huzungushwa, hukatwa, hulehemiwa kwa lehemu ngumu, ukasuguliwa chini uwe sawa kabisa, kisha hulehemiwa kwenye bamba la 0.8 kwa lehemu laini zaidi, yaani inayoyeyuka kwa joto dogo, ili kiungo cha kwanza kisifunguke. Moto huja kutoka chini, upande wa bamba. Ukielekezwa juu, ukanda mwembamba huyeyuka kabla bamba halijapata joto.

Pete hulehemiwa mwisho, ikatiwa katika maji moto ya shabu hadi iwe nyeupe, ikang'arishwa. Kigae huingia baada ya moto wote kwisha, kwa sababu rangi yake ya kioo hupasuka kwa joto. Kikiyumba, unga wa mbao huwekwa chini yake. Ukanda husukumwa juu ya ukingo kwa pande zinazotazamana: juu na chini, kulia na kushoto, kisha katikati yake. Anayezunguka kwa mfululizo hukusanya fedha yote mahali pamoja, na hapo hutokea mkunjo usiolainika.

Doa la kijivu linalobaki chini ya mng'ao ni shaba iliyoungua ndani ya fedha. Msasa namba 600 hulitoa. Dawa ya kung'arisha hulifanya ling'ae tu.

Alhamisi: kurudi

Boti, basi, treni ya usiku. Pete zifungwe moja moja kwenye kifungashio kilichobanwa hewa, kamwe si kwa ukanda wa mpira: salfa iliyomo kwenye mpira huifanya fedha iwe nyeusi kabla hujafika. Bidhaa za brasi zikae mbali na nguo zenye jasho. Kwa kazi zote tatu, ada, malighafi na nauli, bila malazi na chakula, kila mmoja alitumia karibu 24,000.